Bahari ni Yetu, Mbona Twaiachia Wageni?

Wakenya tu hodari sana wa kuisifu pwani yetu. Mgeni akitoka ng'ambo twamhadithia habari za mchanga mweupe, minazi na maji ya samawati, kana kwamba sisi wenyewe tumezaliwa ndani yake. Lakini hebu mtazame Mkenya wa bara aliyeteremka Mombasa, Diani au Lamu wakati wa Krismasi. Atakunja suruali mpaka magotini, atasimama pale wimbi linapofia, atapigwa picha mbili tatu za kuwaonyesha jamaa, kisha atarudi kivulini kuagiza soda. Akiona mashua ikipakia watu wanaokwenda kuogelea penye matumbawe, hutikisa kichwa na kusema, "Hayo ni mambo ya wazungu." Na mashua huondoka bila yeye.

Leo nataka kusema na wewe, ndugu msomaji, juu ya neno hilo, "mambo ya wazungu". Neno hilo latugharimu. Latunyima furaha, na hilo ni dogo. Lawapunguzia riziki ndugu zetu wa visiwani, na hilo ni kubwa. Tena laikausha lugha yetu mahali pale pale ilipokulia, yaani baharini. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wala sisemi haya kwa kuyasikia. Februari iliyopita nilichukua likizo, mimi na binti yangu wa miaka 14, tukaenda kisiwa cha Wasini tukakaa siku nne. Huko tuliingia majini chini ya uongozi wa wenyeji, tukajifunza mchezo wa kuelea kifudifudi kwa miwani na mrija, mtu akitazama maisha yaliyo chini ya bahari. Mimi nimelelewa penye mito ya kuvukwa kwa kuruka mawe. Basi niyasemayo ni ya mtu wa bara anayezungumza na watu wa bara wenziwe, na wa pwani wakitaka kusikiliza, karibuni.

KISIWA KISICHO NA GARI

Wasini iko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukitoka Mombasa wavuka kwa feri Likoni, wapita Ukunda na Msambweni, na kabla ya kufika Lunga Lunga wakata kushoto kuelekea Shimoni. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 80. Shimoni ni mji mdogo uliopata jina lake kwa ajili ya mapango yake, ambamo wenyeji husimulia kuwa watumwa walifungiwa wakingoja vyombo vya kuwachukua. Hapo hupanda mashua, ukavuka mlango wa bahari, ukashukia Wasini.

Kisiwa chenyewe urefu wake ni kama kilomita 5, na upana wake kama kilomita 1. Hakuna gari. Hakuna mto, na tangu zamani watu wake wameishi kwa kukinga maji ya mvua. Kuna vijiji, vikiwemo Wasini na Mkwiro, na wenyeji wengi ni Wavumba, ambao Kiswahili chao cha Kivumba kina ladha yake peke yake. Ni watu wa dini na adabu. Mgeni hukaribishwa vizuri, na huombwa kwa upole apitapo kijijini avae nguo za heshima.

Upande wa kusini wa Wasini mna visiwa vidogo vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, na mbele zaidi kipande cha mwamba kinachoitwa Kisite. Maji ya huko yalitengwa na serikali mwaka 1973 yawe hifadhi, miaka mitano baada ya zile za kwanza za Malindi na Watamu. Penye Kisite, eneo la kilomita za mraba 28, hakuna ruhusa ya kuvua chochote. Penye Mpunguti, kilomita za mraba 11, uvuvi wa jadi waruhusiwa. Nakuomba msomaji uyaweke haya akilini, kwa maana nitayarudia.

DARASA JUU YA MASHUA

Tulingoa nanga asubuhi, bahari ikiwa shwari. Huo ulikuwa wakati wa kaskazi, upepo unaovuma tangu kama Desemba hadi Machi, ambapo maji hutulia na kuwa maangavu. Mwenye kwenda katikati ya mwaka hukuta kusi, upepo wenye nguvu unaoinua mawimbi na kuchafua maji. Wenyeji huyajua haya kama mkulima wa Kirinyaga ajuavyo mvua za masika.

Abiria tulikuwa wanane. Wajerumani wanne, mume na mke kutoka Italia, na sisi wawili. Katika bahari ya Kenya, juu ya mashua ya Kenya, ukiwaondoa mabaharia, Wakenya tulikuwa wawili tu. Nahodha alikuwa mzee wa kikoi na kofia, mtu wa maneno machache. Kiongozi wa kuogelea alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa kisiwani. Binti yangu alimwamkia yule mzee, "Shikamoo, babu," naye akaitikia kwa furaha, "Marahaba, mjukuu wangu. Leo utamwona kasa."

Kijana yule alianza kazi kabla hatujafika. Kwanza aligawa majaketi ya kuelea na kuzifunga kamba zake mwenyewe, mtu baada ya mtu. Halafu akatoa miwani. Miwani hii hufunika macho pamoja na pua, kwa hiyo pua huwekwa likizo, na mtu hupumua kwa mdomo kupitia mrija uliopinda ambao ncha yake hubaki juu ya maji. Akatufundisha kutema mate kwenye kioo, kuyasugua kwa kidole na kusuuza kwa maji ya chumvi, ili kioo kisipate ukungu. Wajerumani walicheka. Binti yangu alitema bila kuambiwa mara ya pili.

Kisha zikaja sheria. Ya kwanza, hakuna kwenda peke yako, kila mtu na mwenziwe. Ya pili, matumbawe hayakanyagwi wala hayashikwi. "Hilo si jiwe, mzee wangu," aliniambia. "Ni mnyama. Wadogo wengi wamekaa pamoja wakajenga nyumba. Ukimkanyaga mara moja umeharibu kazi ya miaka." Ya tatu, usitie mkono tunduni, maana mwenye nyumba huenda yumo. Ya nne, nikisema toka, toka.

Nimesoma shule kwa walimu wengi. Naweza kusema ya kwamba wachache walijua kupanga somo kama kijana yule. Hakutaja jambo lisilohitajika, wala hakuacha linalohitajika. Hofu aliitaja kwa jina lake. "Ukiingia," alisema, "moyo utapiga mbio na utataka kupumua kwa haraka. Usibishane nao. Vuta pole pole, toa pole pole, hesabu mpaka ishirini. Moyo utakuja kukufuata."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilishuka ngazi, maji yakanipokea kifuani, nikalaza uso. Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa pumzi yangu mwenyewe katika mrija, kubwa kama ya ng'ombe anayepanda mlima. Nilihesabu. Nilipofika kumi na mbili nilisahau kuhesabu, kwa kuwa chini yangu palikuwa na mji.

MJI ULIO CHINI YA MAJI

Sitajaribu kukuchorea yote, msomaji. Matumbawe mengine yamesimama kama pembe za paa, mengine ni ya mviringo kama vichwa vya watu. Samaki wa manjano walipita kwa mamia, wote wakageuka kwa mara moja kama askari kwenye gwaride. Niliona pono wakiyatafuna matumbawe, na kijana akatueleza baadaye ya kuwa sehemu ya mchanga mweupe tunaoukalia ufukoni ni ule uliopita tumboni mwa samaki huyo. Niliona chaza mkubwa aliyekwama mwambani, mdomo wazi, nyama yake ya rangi ya zambarau. Na kasa alikuja, kama babu alivyoahidi, akapanda juu kuvuta pumzi, akatutazama kwa jicho la mtu asiye na haraka, akazama.

Mara moja maji yaliniingia katika miwani. Kabla sijapata wasiwasi mkono wa kijana ulikuwa begani mwangu. Alinionyesha kwa vitendo. Inua uso, bonyeza ukingo wa juu wa miwani, piga pumzi kwa pua, na maji hutoka chini yenyewe. Nilifanya, yakatoka. Jambo dogo, lakini nililipata mahali ambapo hakuna kitabu wala nafasi ya kuuliza.

Tulipokuwa tumekolewa na utamu, yule kijana aliinua kichwa, akayatazama maji kwa muda, akaamuru tutoke. Wajerumani walinung'unika, kwani saa ilikuwa bado. Hakubishana. Alisema tu, "Maji yanageuka." Nasi tukapanda. Haikupita robo saa tukauona mkondo ukipita juu ya mwamba ule kama mto, ukivuta kwenda nje. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi kuandama, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Lau ingalikuwa siku za maji mafu, tungalikaa zaidi. Nani kati yetu sisi wanane alilijua hilo? Hata mmoja. Ndiyo maana nasema, kiongozi wa namna hii si mtu wa kubebea watu mizigo. Ni mwalimu, na uhai wako umo katika elimu yake.

"HAKUNA ANAYEYAULIZA"

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Tulipokuwa tukipumzika, kijana alitoa karatasi yenye picha za samaki, akawaeleza wageni. Alitaja majina kwa Kiingereza, kisha Kijerumani, kisha Kiitaliano, kwa wepesi wa kushangaza. Nikafurahi kumsikiliza. Lakini hakuna jina hata moja alilolitaja kwa Kiswahili. Nikamwuliza, "Na huyu, ndugu yangu, hapa kwenu mwamwitaje?"

Alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani akiwa mbali. Kabla hajajibu, nahodha aliyekuwa amekaa nyuma bila kusema neno alianza kuhesabu. Pono. Kangu. Chewa. Changu. Mkunga, yule anayefanana na nyoka. Taa. Akaeleza yupi hulala mchana, yupi huvuliwa kwa mshipi na yupi kwa dema, yupi nyama yake ni ya mgonjwa na yupi ni wa harusini. Kutoka samaki akaingia pepo, akataja kaskazi na kusi na maleleji, ule wakati wa katikati ambapo upepo hauna msimamo. Kutoka pepo akaingia nyota. Mzee yule aliyekuwa bubu tangu Shimoni alisema nusu saa nzima, na binti yangu akawa anaandika kwenye daftari lake.

Kijana akaniambia kwa sauti ya chini, "Haya twayajua, mzee wangu. Tumelelewa nayo. Lakini hakuna anayeyauliza."

Msomaji, neno hilo lilinichoma. Maarifa hufuata soko kama mashua ifuatavyo upepo. Kama wote wanaoshuka majini ni wageni, basi majina yatakayokaririwa ni ya kigeni, na mtoto wa kijana yule atajifunza majina yatakayomletea mkate. Mzee akiondoka, ataondoka na kamusi nzima. Sisi ambao kila mwaka twafanya makongamano ya kuikuza lugha, twakaa ukumbini Nairobi tukitafuta maneno mapya, na huku maneno ya kale yaliyo hai yazama mbele ya macho yetu kwa kukosa mtu wa kuuliza.

SHAMBA LILILOFUNGWA

Wala si lugha peke yake. Nilikuambia uweke akilini habari za mwaka 1973. Hifadhi ni jambo jema, na mtu aliyeyaona matumbawe ya Kisite hatakosa kuishukuru. Lakini kwa wavuvi wa Wasini na Mkwiro, maji yale yalikuwa shamba. Nahodha alituambia babake alivua pale, naye pia alipokuwa mdogo alivua pale. Siku moja wakaambiwa basi. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na mpaka leo ukiwagusa wazee hawajayasahau yote.

Kilichowapoza ni riziki iliyokuja kwa mlango mwingine. Wavuvi waliokuwa na mashua wakaanza kuchukua watalii. Wana wao wakawa viongozi. Akina mama wakapika wali wa nazi, samaki na kaa kwa ajili ya wageni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wahenga, na kisiwani hapo ni kweli tupu.

Lakini riziki inayotegemea wageni wa mbali ni riziki inayoning'inia kwa uzi. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, mashua zililala mchangani. Kijana wetu alirudi kwenye nyavu. Kisite, lililokuwa shamba la babu yake, halivuliwi. Akaenda mbali zaidi, akagombania samaki na wengine waliokuwa na shida hiyo hiyo. "Tulikuwa tukiyatazama maji ya bara," alisema, "tukijiuliza, Wakenya ni mamilioni mangapi? Mbona hata mia hawaji?"

Hili ni swali, na ningependa msomaji ulichukue kwenda nalo nyumbani. Tumewaambia watu hawa wasivue, wawatunzie Wakenya wote mali hii. Wameitunza. Na sisi, wenye mali, hatuendi hata kuitazama. Je, hiyo ni haki?

Tena mali yenyewe haitatungoja milele. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Mnyama wa tumbawe huishi pamoja na vijimea vidogo sana vilivyomo mwilini mwake ambavyo humlisha, na joto likizidi huvitoa, akawa mweupe, na hali hiyo ikikawia hufa kwa njaa. Nahodha aliyaona kwa macho yake. "Yalikuwa meupe kama chokaa," alisema. "Nilidhani bahari imekufa." Mengine yamejirudia tangu hapo, mengine hayakurudi. Joto la namna hiyo limekuja tena, na litakuja. Mtu hulilia kitu anachokijua. Mwananchi asiyepata kuona tumbawe likiwa hai, atawezaje kulitetea likiugua?

HOFU, FEDHA NA MAVAZI

Najua majibu nitakayopewa, na yote yana uzito.

Wa kwanza atasema, "Bahari yaua." Ni kweli. "Bahari haishi zinge," ndivyo wasemavyo wenyewe. Hakuna Mkenya wa umri wangu aliyeisahau Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na watu 272 wakafa karibu kabisa na nchi kavu. Lakini tujiulize, siku ile ilitufundisha nini? Wengi tuliichukua kuwa sababu ya kukaa mbali na maji. Mimi nasema ingefaa kuwa sababu ya kujifunza kuogelea. Maji hayako Mombasa peke yake. Yako Kisumu, yako Baringo, yako katika mabwawa na machimbo ya mawe nyuma ya nyumba zetu, ambamo watoto huzama kila msimu wa mvua. Tangu Kipchoge Keino aliposhinda kule Mexico mwaka 1968, dunia yatujua kwa mbio. Ni sifa njema. Lakini mbio hazimsaidii mtoto aliyetumbukia majini.

Na hofu ina dawa yake, nayo ni kiongozi mzuri. Sisemi kila mwenye mashua ni kiongozi mzuri. Nimeona kwingine pwani mashua zikipakia kupita kiasi, majaketi yakiwa machache na yamechanika, na vijana wakiwakimbiza pomboo kwa kishindo cha injini ili wageni wapige picha. Nahodha wetu alipowaona pomboo wakati wa kurudi alipunguza mwendo, akaacha waje wenyewe, nao wakaja. Basi kabla hujapanda, tazama. Je, kila mtu ana jaketi? Je, waliouliza nani ajua kuogelea na nani hajui ni wangapi? Kama hawaulizi, shuka, utafute wengine. Si ufidhuli kufanya hivyo.

Wa pili atasema, "Fedha ziko wapi?" Nakubali, maisha ni magumu, na sitamwambia mtu anayetafuta karo aende akatazame samaki. Nasema na yule ambaye tayari yuko pwani, amelipa nauli, amelipa chumba, na jioni atatumia fedha zile zile katika vinywaji. Kiingilio cha hifadhi kwa mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Na watu wakijikusanya jamaa kumi, au wanachama wa chama cha akiba, au walimu wa shule moja, wakakodi mashua, gharama hugawanyika.

Wa tatu, hasa akina mama, atasema habari za mavazi. Huyo namjibu kwa furaha. Binti yangu aliingia majini amevaa suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu. Hakuna aliyemcheka. Kinyume chake, akina mama wa kisiwani walimsifu, na jua halikumchoma, wakati ambapo Wajerumani wetu jioni walikuwa wekundu kama kaa aliyechemshwa. Heshima na mchezo huu havigombani hata kidogo.

LA KUFANYA

Basi yatupasa kufanya nini? Naona mambo matatu, na hakuna lililo gumu kupita uwezo wetu.

La kwanza ni la shule na wazazi. Kuogelea kuhesabiwe kuwa elimu, si anasa ya shule za matajiri. Pale penye ziwa au bahari au bwawa salama, mtoto afundishwe kuelea kabla hajafundishwa kushindana. Anayejua kuelea ana nusu ya uhai mkononi.

La pili ni la wakubwa wanaosimamia hifadhi na vyuo vyetu vya lugha. Majina ya samaki, pepo, mikondo na matumbawe yaandikwe kutoka vinywani mwa wazee, kwa Kivumba na kwa lahaja nyingine za pwani, na yawekwe kwenye mabango na karatasi wanazopewa viongozi. Mgeni wa Ujerumani hatadhurika akijifunza kwamba samaki yule huitwa pono. Huenda hilo ndilo atakalolikumbuka. Na kiongozi anayetaja majina ya kwao asionekane amepungukiwa na elimu. Aonekane ana elimu mbili.

La tatu ni letu sisi, mimi na wewe. Ukienda pwani, usikae ufukoni tu. Mtafute kiongozi mwenyeji, umlipe haki yake bila kumpunja kwa kuwa eti "sisi ni ndugu". Undugu si punguzo la bei. Vaa jaketi, tema mate kwenye miwani, ingia. Ukitoka, usiulize tu kama picha zimetoka vizuri. Uliza, "Huyu mwamwitaje?" Swali hilo halina gharama. Lakini kwa mzee aliyekaa nyuma ya mashua kwa miaka akinyamaza, ni sawa na kumwambia ya kwamba maisha yake hayakupotea bure.

Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Chungu hana lawama, kifuu ndicho ajuacho. Sisi tumepewa bahari nzima, pamoja na watu wanaoijua na lugha ya kuitajia. Wageni waje, tena waje kwa wingi, na karamu ni yao. Lakini haifai mwenye nyumba asimame mlangoni kwake akisema karamu ni ya wengine. Likizo ijayo, ndugu msomaji, nasi tuwe wageni wa ndugu zetu wa visiwani, ili wapone wao, na ipone lugha, na bahari ipate watu wa kuililia.